Kurekebisha makosa ya kifaru cha plastiki: maswali ninayoulizwa sana hapa Tabora

Mengi ya maswali haya yameulizwa mezani kwangu Kanyenye, Jumamosi jioni, na mengine yamekuja kwa simu kutoka Urambo, Nzega na Kigoma. Karibu yote yanahusu modeli za plastiki, zile zinazouzwa kama seti ya vipande vya kuunganisha, za ukoo mmoja wa vifaru vya vita: T-54 na T-55 za Kisovieti, pamoja na Type 59 ya China iliyotokana na T-54A. Kwa sisi Watanzania ukoo huu una uzito wake. Jeshi letu lilikuwa na vifaru vya Kichina wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin walileta T-54 na T-55. Wapo wazee wetu waliovisikia vikinguruma. Ukiwawekea mezani kifaru cha vita vile, kiwe ndicho chenyewe.

Boksi limeandikwa Type 59. Kwa nini unasema ndani si Type 59?

Kwa sababu boksi ni karatasi. Kiwanda kikishachonga kalibu ya T-55, ni rahisi kuongeza fremu moja ya vipande vipya (fremu ni kile kijiti cha plastiki kinachoshika vipande kabla hujavikata), kubadilisha mchoro wa juu na kuuza kifaru kingine. Mimi mwenyewe nilinunua seti iliyoandikwa Type 59, nikakuta mnara wa T-55 umelala humo ndani. Mnara ninaosema hapa ni kile kichwa kinachozunguka, chenye mzinga.

Kabla hujashika gundi, tazama mambo matatu. La kwanza liko juu ya mnara, upande wa kulia, mbele ya mfuniko wa mpakizi, askari anayeingiza risasi kwenye mzinga. T-54 na Type 59 zina kifuniko cha feni pale, cha mviringo, kimeinuka kama uyoga. T-55 haina. La pili liko kwenye bamba la mbele la mwili, katikati: Type 59 ina kitundu kidogo cha bunduki ya rashasha inayofyatuliwa na dereva. T-55A, aina ya baadaye ya T-55, iliondolewa bunduki hiyo. La tatu ni taa kubwa ya infraredi iliyofungwa pembeni ya mzinga. Type 59 za mwanzo hazikuwa nayo, kwa hiyo ukiipachika kwa kuwa tu imo kwenye fremu, umebadilisha kifaru.

Andika kwenye karatasi aina na miaka ya kifaru unachotaka, kisha ibandike ukutani mbele yako. Bila karatasi hiyo huwezi kujua kipi ni kosa. Feni ya uyoga ni kosa kwenye T-55, na kukosekana kwake ni kosa kwenye Type 59. Plastiki ni ileile, hukumu inatofautiana.

Nipime nini kwanza?

Pima vichache unavyoviamini. Upana wa kifaru hiki ni mita 3.27. Urefu wake, mzinga ukielekea mbele, ni takriban mita 9. Gurudumu lina kipenyo cha milimita 810, na mnyororo una upana wa milimita 580. Gawanya kila kipimo kwa 35 kama seti yako ni ya skeli ya 1 kwa 35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi: upana unatoka milimita 93.4, urefu kama 257, gurudumu 23.1, mnyororo 16.6. Wenye seti za 1 kwa 72 wagawanye kwa 72. Hapo gurudumu linakuwa milimita 11.25.

Pungufu ya nusu milimita kwenye upana wala usiihangaikie. Gurudumu likipungua milimita moja na nusu, jicho litaliona hata kama mwenye jicho hajui anachokiona. Atakuambia tu kifaru kimekaa vibaya.

Picha zipi niziamini?

Picha ya kitu halisi, iliyopigwa kipindi unachokitengeneza. Mchoro wa boksi si ushahidi. Modeli ya mwenzako si ushahidi hata kama imeshinda tuzo, maana huenda naye aliiga kosa la mwingine. Kifaru cha makumbusho nacho kitazame kwa uangalifu. Vingi vimetengenezwa upya kwa vipuri vya vifaru vingine, na rangi imepakwa na fundi aliyetaka kipendeze.

Ukipata picha iliyopigwa kutoka ubavuni, mpigaji akiwa mbali, umepata rula. Pima gurudumu kwenye picha. Tuseme ni milimita 27: basi kila milimita ya picha ni milimita 30 za chuma, kwa kuwa 810 gawanya kwa 27 ni 30. Sasa unaweza kupima sanduku la madigadi, mdomo wa mzinga, chochote kilicho kwenye mstari uleule na magurudumu. Picha iliyopigwa kwa karibu haifai kwa kazi hii, kwani kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinasinyaa.

Naongezaje ile feni ya uyoga, au naiondoaje?

Kuiondoa ni wembe na subira. Kata kidogokidogo kwa kulaza wembe, malizia kwa msasa laini wenye maji, kisha rudisha ngozi ya chuma kama nitakavyoeleza kwenye swali la mnara linalofuata. Kuiongeza kunataka umbo la kuba. Mimi huchukua kipande chembamba cha plastiki, kama kile cha kisanduku cha keki, nakipasha juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, kikishalegea nakibonyeza juu ya kichwa cha msumari wa duara. Kinapoa kikiwa na umbo. Kata duara lako, libandike, zungushia mkufu mwembamba wa plastiki pale chini.

Mnara wa seti yangu umekaa bapa kama sufuria iliyofunikwa. Unarekebishika?

Unarekebishika, na hii ndiyo kazi inayolipa kuliko zote. Mnara wa kifaru hiki ni nusu yai. Ukikosea hapo, hata ukiweka kila boliti mahali pake bado umekosea.

Kata vipande vitatu vya kadi ngumu, kimoja kwa umbo la mbele, kimoja la ubavu, kimoja la juu, ukichora kutoka kwenye picha zako ulizozipima. Hivi ndivyo vielelezo vyako. Visimamishe kwenye mnara uone mwanga unapenya wapi. Mahali mwanga unapopenya ndipo pa kujaza. Tumia filla ya magari, ile mafundi wa bodi wanayojazia mabonde kwenye milango. Inauzwa kwenye duka lolote la rangi za magari, na kipimo kidogo kinatosha. Paka tabaka jembamba, acha likauke, piga msasa, simamisha kadi tena. Usijaze yote kwa mkupuo mmoja.

Ukimaliza utakuwa na mnara laini kama yai la kuku, nao ni kosa pia. Mnara ulisubiwa, yaani chuma kilimiminwa kwenye kalibu, na ngozi yake ina vinyweleo. Lainisha filla kidogo, ichukue kwa mswaki mkuukuu, dondosha kwa kugongagonga. Ikikauka pitisha msasa mara moja tu, kwa mkono mwepesi.

Halafu paa. Paa la mnara wa T-54 na Type 59 ni mabamba mawili yenye umbo la herufi D yaliyochomelewa, na mshono wa kuchomelea unakata katikati. Seti nyingi hausomeki mshono huo. Pasha kipande cha fremu juu ya mshumaa, kikilegea kivute, utapata uzi wa plastiki mwembamba kuliko wa kushonea. Ulaze kwenye mstari, upake gundi ya plastiki iliyo majimaji, subiri ulegee kidogo, kisha uchapechape kwa ncha ya kisu. Sikiliza, ukifanya hivi mara moja hutaacha. Mshono unatokea hai mbele ya macho yako.

Magurudumu yana nafasi sawa yote matano. Ni kosa?

Ni kosa kubwa. Kwenye T-54, T-55 na Type 59, gurudumu la kwanza limejitenga na la pili kwa nafasi inayoonekana wazi, na mengine manne yamebanana. T-62, kifaru cha Kisovieti kilichokuja baada yao, ndiyo yenye nafasi kubwa huku nyuma. Mtu anayevijua vifaru hutofautisha aina hizi akiwa mbali kwa magurudumu peke yake.

Kurekebisha: kata mikono inayoshika magurudumu, ziba matundu, chora mistari mipya kwa kufuata picha yako ya ubavuni, toboa upya. Gurudumu la meno la nyuma na lile la mbele la kukazia mnyororo yabaki mahali pake kama vipimo vinakubali. Kaza mikono yote siku moja kifaru kikiwa juu ya kioo, ili magurudumu yote yakanyage sawa.

Minyororo inakaa imekazwa. Si ndivyo inavyotakiwa?

Nami niliamini hivyo. Nilikimaliza kifaru changu cha kwanza cha aina hii, nikampelekea mzee jirani yetu aliyekwenda Kagera kama askari wa miguu. Nilimkuta chini ya mwembe wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na jicho, akakigeuza ubavu. Akapitisha kidole juu ya mnyororo, taratibu, kutoka mbele hadi nyuma.

"Hiki umekifunga mkanda, mwanangu. Mnyororo wake haukai hivi. Unalala. Unalala juu ya magurudumu, hapa, na hapa, na hapa."

Alikuwa sahihi kabisa, na sababu iko kwenye muundo. Vifaru vingine vina vigurudumu vidogo vya juu vinavyoubeba mnyororo unaporudi. Ukoo wa T-54 hauna. Mnyororo unatoka kwenye gurudumu la meno huku nyuma, unashuka kwa uzito wake, unalala kwenye migongo ya magurudumu, na unazama kidogo pale kwenye ile nafasi kati ya la kwanza na la pili. Mnyororo wa mpira uliomo kwenye seti unajivuta na kunyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo uzito wa tani 36 unapotea wote.

Kama minyororo yako ni ya mpira, usiitupe. Tia tone la superglu juu ya gurudumu la pili, la tatu na la nne, bonyeza mnyororo, kisha sukumiza vipande vya sponji kati ya mnyororo na madigadi. Acha usiku kucha. Asubuhi toa sponji. Kama mpira ni mkaidi, toboa mwili kwa sindano nyuma ya madigadi, pitisha waya mwembamba wa shaba, uvute mnyororo chini, ufunge kwa ndani.

Kama ni ya vipande kimoja kimoja, hesabu. Mnyororo wa zamani wa ukoo huu una vipande 90 kila upande, na gurudumu lake la meno lina meno 13. Aina mpya iliyokuja baadaye hutumia gurudumu la meno 14. Type 59 ya miaka ya sabini ipewe ule wa zamani. Plastiki haina usahihi wa chuma, kwa hiyo ukihitaji 89 ili ulale vizuri, weka 89. Kulala kwake kunaonekana, idadi haionekani.

Nilimrudishia mzee kile kifaru baada ya wiki mbili. Alikaa nacho mapajani muda mrefu, akanieleza jinsi dereva alivyokuwa anashuka na spana kukaza mnyororo baada ya matope, hata kabla ya kula.

Kwa nini unasisitiza madigadi? Ni bati tu.

Ndiyo maana nasisitiza. Chukua rula upime ukingo wa madigadi ya seti yako. Ya kwangu ilikuwa milimita 1.2. Zidisha kwa 35: milimita 42, yaani sentimita nne za chuma! Bati la madigadi halina unene huo, na lile la kweli likigongwa linakunjika.

Kopo la soda lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa skeli yetu ni milimita tatu na nusu, bati hasa. Kata kopo kwa mkasi, liweke juu ya gazeti ulinyooshe kwa kuviringishia chupa, paka msasa pande zote mbili ili gundi ishike. Tumia madigadi ya seti kama kielelezo cha kukatia. Ukipenda kukunja kona iliyogonga mti, ikunje kwa koleo, na itakunjika kama bati maana ni bati. Angalia vidole, kingo za kopo ni wembe.

Asiyetaka kubadilisha yote apige tupa kwa chini, kwenye ukingo tu, mpaka ukingo uwe mwembamba. Jicho linaona ukingo, halioni katikati.

Vishikio vimechongwa pamoja na mwili, kama matuta. Nifanyeje?

Vikate kwa wembe, weka alama, toboa matundu mawili mawili, pachika waya wa shaba. Waya wa kutosha umo ndani ya iafoni zilizokufa na mota za feni mbovu. Siri ni kuvikunja vyote kwenye sehemu moja ya koleo, uliyoiwekea alama ya kalamu, vitoke sawa.

Kuvishika vipande vidogo namna hii Tabora tuna bahati. Kipande cha nta ya nyuki, kile kinachobaki baada ya kuchuja asali, kiviringishe kwenye ncha ya kijiti cha meno. Kitaokota chochote na kukiachia ukikigusisha gundi. Futa nta iliyobaki kabla ya rangi, kwani rangi haishiki juu yake.

Na mzinga?

Hapa kwetu ukisema mzinga watu wanawaza nyuki, lakini sawa. Mzinga wa kifaru hiki ni wa milimita 100, kwa hiyo tundu la mdomo liwe kama milimita 2.9. Seti nyingi huja na bomba la nusu mbili zenye mshono. Zungushia ukanda wa msasa, uuzungushe kuzunguka bomba. Usisugue upande mmoja, litakuwa bapa. Niliwahi kulibadilisha kwa kipande cha antena ya redio. Kilinyooka vizuri, lakini bomba la kweli linapungua unene kuelekea mdomoni, antena haipungui, nikalitoa. Ule uvimbe wa kutolea moshi karibu na mdomo uwepo kwenye T-54A na Type 59. T-54 ya 1951 haikuwa nao.

Turubai linaloziba shina la mzinga lifanye kwa tishu iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe yenye maji. Likunjamane.

Chini ya kifaru kuna matundu ya ajabu. Ya nini?

Ni ya mota na betri. Seti za zamani zilikuwa vitu vya kuchezea vinavyotembea. Hata skeli ya 1 kwa 35 ilizaliwa hivyo: Tamiya ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya sitini, ilitengeneza Panther ya Kijerumani kwa ukubwa wa kumeza mota na betri, na walipopima baadaye wakakuta ni karibu 1 kwa 35. Ziba kwa vipande vya kadi za plastiki na filla, kama hutaki kuyaona.

Kujaza tundu dogo haraka natumia nini?

Superglu na beking soda. Tia gundi, nyunyiza unga, inakauka papo hapo. Piga msasa ndani ya saa moja, ikilala usiku inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na utakula plastiki ukiiacha yenyewe palepale. Usiitumie karibu na taa za kioo, moshi wake unaacha ukungu mweupe. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya karatasi. Kioo cha taa chenyewe nimekipata kwenye pakiti ya vidonge, pale panapofura.

Tina ya magari, ile ya kuchanganyia rangi, inaharibu plastiki?

Inayeyusha. Jaribu kwenye fremu kwanza. Na ufungue madirisha, uvae barakoa, na filla uipige msasa ikiwa na maji ili vumbi lisiruke. Watoto wakae mbali wakati huo.

Kosa lipi niliache?

Ambalo huna picha yake. Nimeona vijana wakivunja kitu kilichokuwa sahihi kwa sababu mtu kawaambia. Baada ya hapo, acha la chini ya mwili, la ndani ya mifuniko iliyofungwa, na la idadi ya boliti zinazofichwa na minyororo. Nguvu zako ziende kwenye umbo la mnara, magurudumu, minyororo na ukingo wa madigadi, kwa mpangilio huo. Seti yenye makosa katika yote manne, iache dukani.

Rangi niipake kama ilivyo kwenye kopo?

Ipunguze ukali kwa tone la rangi nyeupe au ya mchanga. Kitu kidogo kikipakwa rangi kamili kinaonekana cheusi. Na vumbi lifuate mahali. Udongo wa Kagera ni mwekundu, huu mchanga wetu wa Tabora umepauka. Wengi hupaka vumbi la uani kwao kwenye kifaru kilichokwenda Mutukula.

Nikaombe kupiga picha vifaru kambini?

Hapana. Usipige picha kambi wala vifaa vya jeshi. Nenda kwa wazee, nenda na modeli yako mkononi, uliza, uandike wanachokwambia. Hawatakupa milimita, lakini watakuambia nini kililala, nini kilining'inia na nini kilifungwa kwa kamba.

Nakisafirishaje kwa basi mpaka Dar bila kuvunjika?

Toa mnara, uufunge peke yake kwenye tishu. Mwili uukaze kwa skrubu mbili kutoka chini ya kibao cha mninga, boksi liwe kubwa kuliko kibao kwa vidole vinne kila upande, ujaze sponji. Antena na vishikio visiguswe na kitu. Boksi lisiende kwenye buti. Lipakate.